Shitingi na Majina ya Upepo

Enzi zetu za vita, enyi mliozaliwa na simu mkononi, hata upepo ulikuwa na majina. Nayasema haya barazani kwangu, hapa Kasenga, kando ya ziwa, mimi niliyelivuka bila ndala nikarudi na diplome. Wa rika langu watanielewa.

Askari walikuwa wameshang'oa mabati yetu. Juu ya vichwa vyetu ilibaki shitingi moja tu, ile plastiki wanayopewa wakimbizi, tumeifunga kwa kamba za nyavu. Mvua ilikuwa karibu. Mchana mmoja vumbi likainuka kwenye uwanja wa shule, likazunguka kama mlevi anayetafuta mlango, likaja kwetu.

Mama akasema ni kisulisuli. Mgeni wetu, mama mmoja aliyekimbia kutoka kijiji cha Runingu, akacheka: kwao ni serwakira, kisulisuli ni kitoto chake. Mjomba, mvuvi wa Kalundu, akaweka chini sahani ya ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, ili abishane vizuri. Upepo, alisema, hutajwa kwa unakotoka, na huo ni wa mto Ruzizi. "Weye uko muntu ya mashamba," akamwambia mgeni, "utajua nini ya upepo?" Nami, wa kwanza darasani kama kawaida yangu, nikawasahihisha wote kwa Kifaransa: turbiyo. Hakuna aliyeshika kamba.

Shitingi ikaruka, ikapunga kama padri anayeaga, ikatua kambini kwa askari. Baba akaenda kuiomba. Askari aliyekuwa ameshaikalia akauliza ni upepo gani ulioileta. Baba, mtu mwaminifu, akayataja majina yote, hata langu la Kifaransa.

"Hao wote miye siwajue, papa," askari akasema. "Hii iko ya kwetu."

Kesho yake mvua ikanyesha. Tulijikunja chini ya meza, mama akatutazama mmoja mmoja. "Jina mulipata," akasema. "Basi mujifunike nalo."

Leo nimeezeka bati la rangi, lenye misumari ya kutosha kanisa zima. Juzi vumbi likainuka tena. Vijana wa mtaa, ambao vikundi vyote vya bunduki wanavijua kwa vifupisho, wakatoa simu kupiga picha, wakaniuliza kitu hicho kinaitwaje. Nilikuwa nimeshapanda juu, nimelikalia bati langu. Mama, mjomba na mgeni wa Runingu wametangulia wote. Upepo ukapita, bati likabaki zima, na chini hapakuwa na hata mmoja wa kubishana nami jina lake.