Hewa ya Kashebere

Vita vilikuwa vimenichosha, na vile vibomba vya plastiki navyo pia. Nilivitundika kando ya barabara, mdomo chini, vinase gesi ya naitrojeni dioksidi kwenye moshi wa malori, nipate kuipima. Kimoja nilikiacha mlangoni kwa mama mwenye duka, nikamwambia akitunze, kinashika hewa ya Kashebere.

Risasi zilipolia, kijiji kizima kilikimbia. Baadaye nilimkuta yule mama huko Kirolirwe, ukimbizini. Alifungua fundo la kitenge, akatoa kibomba, mdomo umezibwa kwa kitambaa.

"Papa, duka waliiba yote. Lakini hewa yetu nilifunga, njo hii," akaninyooshea.

Kibomba kilipaswa kubaki wazi; kwa kuzibwa, kipimo kilikuwa kimeharibika kabisa. Nilitaka kukasirika, nikakosa nguvu.

"Utaifungulia kule kule," akaniambia, "siku tutarudi."

Hadi leo kibomba bado kimezibwa.