Mshale Ulioruka Mbuzi

Mwalimu wa kuandika programu za kompyuta pale Hurlingham ana swali moja tu la kupimia uhusiano wa vitu. Huchora visanduku viwili ubaoni, huviunganisha kwa mshale, huuma kifuniko cha kalamu, kisha huuliza kwa sauti ya mchungaji aliyefika matangani: "Huyu akifa, yule anabaki?" Gari na injini, mteja na oda, vyote huviulizia kifo. Siku moja Kenyatta Market aliiuliza sahani ya nyama choma, na mchomaji akamsogezea pilipili kwa huruma.

Jana alichora Mume na Mke. Mwanafunzi wake Kaluki, ambaye dada yake anaishi na mwalimu huyo bila wazee kupelekewa mbuzi wa ntheo, anayechinjwa kuhalalisha ndoa kwa Wakamba, akainua mkono. "Mwalimu, umeruka mbuzi." Mwalimu akafuta mshale, akachora kisanduku cha tatu katikati, na kwa mazoea akauliza, "Mbuzi akifa, ndoa inabaki?" "Asipokufa, hakuna ndoa," Kaluki akajibu. Kifuniko kikamdondoka mwalimu mdomoni. Polepole, akakichorea kile kisanduku masikio. "Kwani ndio maana hata kwa nyumba huniiti shemeji?"

"Ndio, mwalimu," akasema Kaluki.