Amina ya Pili

Tulimwita Mama Rangi, na jina hilo alilipata kwa vidole vyake. Vya mkono wa kulia vilikuwa vya zambarau mpaka kwenye kucha, na hakuna sabuni iliyovishinda. Akisalimiana na mgeni alitoa mkono huku akicheka, "Shika tu, rangi haiambukizi."

Alikuwa fundi wa maabara ya hospitali yetu: chumba kimoja, hadubini moja, taa ya spiriti, na kabati la joto la kuoteshea wadudu, lililokoroma kutwa nzima. Fundi mwingine hakuwepo. Mimi ni mwosha vyombo. Nimeosha vioo na sahani zake miaka kumi na tisa, na yote ninayoyajua kuhusu bakteria niliyasikia nikiwa nimempa mgongo, mikono ndani ya maji.

Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo alinieleza kwa maneno mepesi. "Dada, hawa wadudu hawana rangi. Mpaka uwavike nguo ndipo uwajue ukoo wao." Alipaka maji ya mgonjwa juu ya kioo, akakipitisha kwenye moto mara tatu, akamwagia rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha spiriti. Hapo kwenye spiriti ndipo penye kazi. Upo ukoo wenye ngozi nene, huo hung'ang'ania zambarau yake. Ukoo mwingine huiachia upesi, na ukimwagiwa nyekundu mwishoni hugeuka waridi. Lakini spiriti ikizidi sekunde chache tu, hata wale wang'ang'anizi huvuliwa nguo. Daktari hutoa dawa kwa kufuata rangi hiyo, kabla wadudu hawajaota kwenye sahani.

Saa ya ukutani ilikufa zamani, na kila tulipoomba nyingine tuliambiwa tuvute subira. Basi mimi ndiye niliyempa shauri. Nikamwambia, "Mwenzio mayai nayachemsha kwa kuhesabu sala, na hayajanitoka mabichi hata siku moja. Hesabu kwa sala."

Alicheka, lakini akajaribu kwa wadudu aliowajua. Ikakubali. Tangu siku hiyo, akimwaga spiriti alisema polepole, "Ee Mola, umemuumba huyu, unakijua kilichomshika. Tuonyeshe. Amina." Kwenye Amina, maji ya kuiondoa. Nami kule kwenye beseni nilisema naye.

Mlinzi akipita dirishani hakuacha uchokozi. "Nyie akina mama, hapo ni maabara au nyumba ya ibada?"

"Ingia tukuombee," Mama Rangi alimjibu. "Usingizi wako ule si bure."

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kike, fundi cherehani. Mama yao alifariki mtoto hajasimama dede, na Mama Rangi akiwa na miaka kumi na mitatu akambeba mgongoni, akampikia uji, akamlea. Yeye mwenyewe hakuolewa. Akiulizwa alisema, "Nani anaoa mtu mwenye mtoto wa mama yake?"

Mdogo huyo aliletwa Jumatatu asubuhi, homa kali, shingo imekaza kama mti. Daktari wa wodi, mwanamke mpole, akamwanzishia dawa mbili, akatoa maji ya uti wa mgongo, akayaleta mwenyewe maabara.

"Dada, nisaidie haraka," alisema. "Dawa moja zimebaki chupa sita, na wodi ya watoto wanaitaka. Niambie ni ukoo gani."

Mama Rangi alikipaka kioo. Moto, zambarau, iodini. Akamwaga spiriti, akaanza. "Ee Mola, umemuumba huyu..." Akafika kwenye Amina, mkono ukaelekea kwenye maji. Nami, Mungu ananiona, niligeuka na povu mikononi nikamwambia, "Rudia, mama. Huyu ni wako. Rudia."

Akarudia. Tulirudia wote wawili, polepole, machozi yakitutoka, spiriti ikiwa juu ya kioo. Ndipo akamwaga maji.

Kwenye hadubini aliwaona wafupi, wawili wawili. Waridi.

Daktari akashukuru, akaisimamisha dawa ya wale wa zambarau, chupa sita zikaenda kwa watoto.

Jumanne asubuhi Mama Rangi alifungua kabati la joto kabla hajavaa koti. Nilikuwa nafagia. Akaiinua dirishani sahani ya damu aliyoiwekea maji ya mdogo wake jana yake ili wadudu waote. Vijidoa vidogo, na kila kimoja kimezungukwa na kiduara chembamba kilichopauka. Akadondoshea kimoja dawa ya kusafishia vidonda, kipimo kingine cha ukoo, kikatoa povu. Akapaka kioo kipya. Safari hii hakusali. Alihesabu namba.

"Njoo uone," aliniambia.

Sijawahi kuitwa kwenye hadubini. Niliinama, nikaona vijiti vifupi vya zambarau, zambarau kama vidole vyake.

Alikimbia hadi wodini bila viatu. Dawa ikarudishwa adhuhuri ile ile, chupa mbili zilizosalia kwa watoto. Daktari alisema hata angeipata tangu mwanzo huenda isingesaidia, maana alichelewa kuletwa. Huenda. Neno hilo Mama Rangi amelibeba kama alivyombeba yule mtoto. Mdogo wake alikata roho Jumatano saa nne asubuhi, hajafumbua macho.

Baada ya maziko mkubwa wa hospitali alimwita. Nilikuwa napiga deki mlangoni, nikasikia.

"Kuteleza si kuanguka, mama," mkubwa alimwambia.

"Mimi nimeteleza, baba. Aliyeanguka ni mdogo wangu."

Alitakiwa aandike ilivyokuwa. Aliandika mstari mmoja: spiriti ilikaa kupita muda. Sala hakuitaja. Wala mimi hakunitaja. Nilimfuata nikamwambia, "Niandike na mimi. Mimi ndiye niliyesema rudia." Akanijibu, "Dada, kaoshe vioo."

Wiki iliyofuata tulipewa saa mpya, yenye mshale wa sekunde. Sasa akimwaga spiriti huikodolea macho, midomo ameibana. Mlinzi hapiti tena dirishani, au hupita kimya. Siku ya kwanza mimi nilijisahau, nikaanza, "Ee Mola, umemuumba..."

"Nyamaza," alisema, bila ukali. "Tafadhali, dada. Nahesabu."

Nikanyamaza. Mpaka leo nanyamaza. Nyumbani hupiga magoti kama zamani, nikamwambia Mungu mengine yote. Nikifika kwa huyo mdogo mtu naisema ile sala mara moja tu, nasita, na ile Amina hainitoki.