Sabuni na Shangazi

Walimwita Sabuni, na jina likamkaa. Miaka ishirini na sita alikuwa mkamuaji katika shamba la ng'ombe wa maziwa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwona akigusa chuchu ya ng'ombe kabla hajakiosha kiwele kwa maji ya vuguvugu na kukifuta kwa kitambaa safi. Mashine za kukamua zilipofika, yeye na ndoo yake wakaonyeshwa mlango. Mama mmoja mwenye shule ya kuendesha farasi pembeni mwa mji ndiye aliyemchukua. Sabuni hakujua lolote kuhusu farasi, lakini alijua kuishi na mnyama, na hilo halifundishwi kwa wiki moja. Pale shuleni kila mtu alimwita mama huyo Mwalimu, hata mumewe.

Kati ya farasi saba wa Mwalimu, mmoja alikabidhiwa Sabuni amtunze kama mboni ya jicho. Alikuwa farasi jike mwekundu, mtu mzima, mwenye paji jeupe na maoni yake. Ukimwambia twende, anasimama. Ukimwambia simama, anakutazama kama anayetaka kujua umelelewa na nani. Ndiyo maana walimwita Shangazi. Sasa Shangazi alikuwa na mimba, na mimba hiyo ilimnyima Sabuni raha, maana mwaka uliotangulia, akitunzwa na Sabuni huyohuyo, alizaa mtoto mzuri mwenye miguu mirefu, na mtoto yule akafa siku ya tatu. Daktari aliitwa mambo yakiwa yameshaharibika. Wengine walisema ni baridi, wengine wakasema bahati mbaya. Mwalimu alisema tu kwamba umri wa Shangazi unakwenda, na mtoto huyu naye akipotea, hatampandisha tena.

Basi Sabuni akajifunga kibwebwe. Daktari wa mifugo, dada mmoja wa maneno machache, safari hii aliitwa mapema, naye akamfundisha kulisha. Miezi minane ya kwanza ni majani makavu mazuri, chumvi na maji. Mitatu ya mwisho shayiri iongezwe kidogo kidogo, kwa kuwa hapo ndipo mtoto anapokua kwa kasi. Lakini asimnenepeshe: mbavu zisionekane kwa macho, ila kiganja kikipita kizipate. Sabuni alizipapasa mbavu zile asubuhi na jioni mpaka Shangazi akaanza kumkanyaga mguu kwa makusudi.

Alimtoa pia kutembea, nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, kuzunguka ukuta wa shule, maana mjamzito wa kushinda bandani huvimba miguu. Mbio marufuku, kumpanda marufuku. Walikwenda mdogo mdogo, Sabuni mbele na kamba, Shangazi nyuma na tumbo lake, huku Sabuni akimsimulia habari za nyumbani. Wapita njia walimwona mzee wa watu akizungumza na farasi, wakadhani akili zimemruka.

Nyumbani nako mkewe alichoka kusikia. Sabuni hakuweza kumaliza sahani bila kueleza Shangazi amekula nini na amebakiza nini. "Mimi nimekuzalia wanne," mkewe alimwambia siku moja akiondoa vyombo, "na hukuwahi kuniuliza kama miguu imevimba." Sabuni akacheka, lakini ilikuwa kweli. Kesho yake akamuuliza kwa moyo mweupe kabisa, na mkewe akamjibu kwamba amechelewa kidogo, mtoto wa mwisho ana ndevu.

Mwezi wa mwisho ulipoingia, daktari alimpa kazi ya kutazama. Kiwele kitajaa, alimwambia. Kisha siku chache kabla ya kuzaa, matone madogo ya manjano yatagandia kwenye ncha za chuchu, mfano wa nta. Ukiyaona, nipigie simu. Sabuni alitazama kila jioni saa kumi na moja, amechuchumaa, miwani puani. Kiwele kilijaa kweli. Nta, wapi. Siku ya mia tatu na thelathini ya mimba, hakuna. Mia tatu thelathini na tano, hakuna. Akaanza kumlaumu Shangazi kwa ukaidi.

Siku ya mia tatu thelathini na nane daktari alipita asubuhi bila kuitwa, akamkuta Sabuni kazini. Ndoo ya maji ya vuguvugu iko chini, kitambaa cheupe kiko mkononi, naye anakifuta kiwele cha Shangazi taratibu, vilevile alivyofuta viwele vya ng'ombe maisha yake yote. Maziwa mazito ya manjano yalikuwa yakichuruzika mguuni mwa farasi na kupotelea kwenye majani.

Daktari hakupaza sauti. "Umekuwa ukimwosha tangu lini?"

Hapo Sabuni angeweza kusema ni leo tu. Hakukuwa na shahidi wa kumbishia, na Shangazi si msemaji. "Kila asubuhi," alisema, "tangu kiwele kianze kujaa. Sikutaka mtoto aje kunyonya uchafu. Maziwa yalianza kutoka juzi, nikafurahi. Nikajua yapo mengi."

Daktari akatua mkoba wake chini, akamweleza. Ile nta aliyokuwa akiisubiri jioni alikuwa akiifuta asubuhi. Maji yale na mkono ule vilikuwa vikiuhimiza mwili uachie maziwa kabla ya wakati. Na maziwa ya kwanza, dang'a, hayaji mara mbili. Mtoto wa farasi huzaliwa bila kinga. Kinga yake imo humo, na lazima ainywe saa za mwanzo. Asipoipata atasimama, atacheza, watu watafurahi, na siku ya pili au ya tatu ugonjwa mdogo tu utamwangusha.

"Siku ya tatu," Sabuni alisema, akaketi juu ya robota la majani. Kwa sababu mwaka jana pia alimwosha. Kila asubuhi, kwa maji ya vuguvugu na kitambaa safi.

Hakuna aliyemuuliza hilo, naye hakulisema. Daktari alimwita Mwalimu, akamweleza ya Shangazi. Mwalimu hakumtazama Sabuni, alichukua simu. Banda la tatu alilopigia, upande wa pili wa mji, lilikuwa na chupa tatu za dang'a zilizogandishwa msimu uliopita, na mumewe akaondoka na gari kuzifuata. Sabuni akabaki na Shangazi, mikono mfukoni, maana hakuiamini tena.

Farasi wengi huzaa usiku, pakiwa kimya. Shangazi alizaa siku iliyofuata saa saba mchana, wanafunzi wamejaa uani, kana kwamba alitaka mashahidi. Mtoto alikuwa jike, mwekundu kama mama yake. Daktari alimpa Sabuni chupa aziyeyushe kwa maji ya vuguvugu tu, kwani kwenye maji ya moto kinga hufa, na Sabuni aliyapima maji yale kwa kiwiko mara nne. Mtoto alisimama, akaanguka, akasimama tena, kila mguu na safari yake. Mwalimu ndiye aliyeshika chupa na kumnywesha. Sabuni alitazama kutoka mlangoni. Ilimuuma, na akaona ni haki imuume.

Kesho yake daktari alipima damu ya mtoto, akasema kinga imeingia ya kutosha. Siku ya tatu ikapita salama. Siku ya nne asubuhi mtoto alikuwa uani akifukuza kuku, na shule nzima inacheka. Sabuni akamfuata Mwalimu kwenye chumba cha matandiko, alikokuwa akipaka ukanda mafuta.

"Mwalimu," alisema, "yule wa mwaka jana. Na yeye mama yake nilimwosha hivihivi."

Mwalimu aliendelea kupaka ukanda ule mpaka ukaisha. "Najua," alisema. "Nilijua pale pale daktari aliponieleza. Mwaka jana nilikuwa nakupita kila asubuhi na kikombe changu cha chai, nakuona na ndoo yako. Nikasema moyoni, nimepata mtu msafi."

Akaweka ukanda chini, akamvutia kiti, na wakamlilia pamoja yule mtoto wa mwaka jana, mchana kweupe, kama watu walioletewa habari za msiba dakika hiyo.