Birika la Mama Jikoni

Madereva wa malori ndio waliomwita Mama Jikoni, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa dereva mwanamke pekee kwenye foleni ya mpakani, na kando ya usukani wake kilikaa kibirika cha umeme cha kuchomeka kwenye gari, kisichozidi kopo la maziwa kwa ukubwa.

"Jiko umelileta, masufuria yako wapi?" walimtania.

Hakununa. Alimpa fundi rangi aliandike jina hilo kwenye bampa ya mbele, kwa herufi nyekundu, walisome vizuri wanapompisha.

Mwaka mlima ulipoporomoka ukafunga barabara, walikwama pamoja kwenye mvua na baridi. Mama Jikoni akachemsha maji kikombe kimoja kimoja, akagawa chai dirishani mpaka jua likazama. Yule aliyekuwa na mdomo kuliko wote alikuja macho chini.

"Shemeji, hata maji matupu."

"Mimi si shemeji yako. Naitwaje?"

"Mama Jikoni."

"Haya, lete kikombe."

Wiki iliyopita kibirika kilitoa moshi, kebini ikanuka plastiki, kikazima. Alikipeleka kwa fundi wa redio, akifuatana na mwanawe mkubwa. Fundi alikifungua, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Mama, hiki basi tena. Kimeungua mpaka ndani."

Mwanawe akaona pa kupenyeza neno alilolibeba siku nyingi. "Kibirika kimechoka, Mama. Na wewe umri umekwenda. Kaa nyumbani upumzike."

"Kibirika kimeungua. Mimi sijaungua."

"Mgongo unakuuma kila siku."

"Nikikaa kwako utaacha kuuma?"

Mama akakifuta kibirika masizi kwa upindo wa blauzi yake. Machozi yalimlengalenga, lakini hakuyapa ruhusa.

"Ahsante, mwenzangu," akakiambia. "Umenivusha pengi."

Fundi akacheka.

"Cheka tu. Wewe una nani aliyekuvumilia hivyo bila kununa?" Akamwachia atoe waya na skrubu zitakazofaa, akaondoka bila kugeuka.

Kazini alimkuta msimamizi wa safari amempangia mizigo ya hapa hapa mjini. Safari ndefu amepewa mwingine.

"Mwanao alipita hapa," msimamizi akasema, akikwepa macho yake. "Alisema umechoka."

"Mwanangu haendeshi lori langu. Lete funguo."

"Mama..."

"Nimewahi kuangusha mzigo wako?"

"Hapana."

"Funguo."

Akapewa. Alfajiri akatoka na chupa ya maji baridi, mgongo ukimuuma kweli kweli, redio ameifungulia sauti yote.

Simu ya mwanawe ilimkuta kwenye foleni ya mizani.

"Mama, umenikasirikia?"

"Sana. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi kata simu. Zamu yangu imefika."