Kikombe cha Buluu cha Mwanzia

Kaka yangu Mwanzia alikuwa kinyozi Kawangware, na kwa usafi hakuwa na mchezo. Kila mteja alifunguliwa wembe mpya akiona. Ukimwambia atumie wa jana, anakuinua kitini na kukufukuza. Ila wembe huo mpya akishamnyolea mteja, hautupi. Anausuuza, kisha jioni anajinyolea ndevu zake mwenyewe.

"Wanza, hii imeguza kichwa moja tu," aliniambia. "Nitupe aje kitu bado inakata?"

Ndivyo tulivyolelewa Kitui, hakuna kitu kinachotupwa. Nami, pamoja na huu mdomo wangu wote, nilicheka tu.

Mwaka jana macho yake yakageuka njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Akameza dawa za malaria, akanywa mizizi, tumbo likaanza kufura. Hospitalini wakasema ni homa ya ini aina ya B, na ini limeshaharibika. Ugonjwa hupitia damu, wakasema, na huenda aliutoa kwenye nyembe hizo.

Mimi nilisikia neno "inaambukiza", mengine sikungoja. Hakuwa na mke, kwa hivyo nilimleta kwangu Silanga, ninakouza makaa, nimuuguze. Nikamnunulia kikombe chake cha plastiki, cha buluu, nikakitenga na vyetu. Watoto wangu wawili walizoea kumkalia mapajani, nikawakataza. Chakula nilimwachia mlangoni.

Hakulalamika. Siku moja tu alisema, "Wanza, si hata unisalimie na mkono."

Nikajifanya kuna mteja wa makaa ananingoja nje.

Alikufa Agosti. Baada ya mazishi nikawapeleka watoto kliniki kupimwa, nami nikapimwa. Nesi Daisy akatukuta sote wazima. Akatuchanja sindano ya kwanza, akasema turudi kwa mbili zilizobaki. Akatuonya tusitumie wembe wala mswaki wa mtu mwingine, na kwamba ugonjwa huu hupitia pia ngono, na mama humpa mtoto wakati wa kuzaa.

"Na kikombe?" nikamuuliza.

"Kikombe haina shida, mama. Hata kusalimiana na kukumbatiana, hakuna shida."

Niliketi pale kwenye benchi. Kaka yangu alikaa kwangu miezi mitatu bila kuguswa na mtu, na aliyekataza ni mimi.