Mvua Juu ya Gari la Wazi

Kamati ya harusi yangu ilipata gari la wazi, jeupe, kwa bwana mmoja wa Mkonze. Paa lake la turubai lilikuwa limekunjwa nyuma siku nyingi na halirudi tena. Hakuna aliyejali. Desemba ile mvua ilikuwa imetususa, na mji mzima ulikuwa na rangi ya vumbi.

Mimi ni mbishi, nimezaliwa hivyo. Nilishikilia kwamba baba apande gari lile pamoja nasi. Shangazi zangu wakanuna. Baba wa bibi harusi, walisema, hutangulia ukumbini akakaa na wazee wenzake. Wapi umeona baba anazungushwa mjini? Nikatia pamba masikioni. Tangu afike kutoka kijijini kwetu Mlali, akili ya baba haikuwa nasi. Alikula kidogo, akatoka nje, akatazama angani. Alikuwa amepanda mahindi kwenye udongo mkavu, kama wafanyavyo watu wa kwetu, kwa imani tu. Manyunyu ya mwanzo yaliyaotesha, kisha mvua ikakata. Mbegu yote ya nyumbani ilikuwa imeingia ardhini, na sasa miche ilikuwa inanyauka. Nilitaka kwa alasiri moja awe baba yangu, lisiwe shamba peke yake linalommiliki. Nilikuwa na wivu na shamba, nisifiche.

Tukatoka kanisani. Pikapu ya matarumbeta ilitangulia, sisi tukafuata, magari mengine nyuma yetu yakipiga honi. Mimi na mume wangu tuliketi juu, kwenye mgongo wa kiti cha nyuma, na baba mbele kando ya dereva, suti imemzidi mabega. Msafara ulikwenda taratibu hata watoto walitupita kwa miguu. Kutoka pale juu mji niliouzoea ulikuwa mgeni. Niliona mabati ya maduka, nguo zilizoanikwa nyuma ya kuta, mwanamke akisukwa nywele barazani aliyegeuza macho bila kugeuza kichwa. Shela langu lilipanda na upepo likabaki hewani. Tulizunguka kipilefti mara moja, tukazunguka tena, na sikuona sababu ya kufika popote.

Tone la kwanza lilinipiga mkononi. Baba aliliona lake kwenye kioo cha mbele, akakaa wima.

Kisha ikashuka. Watu walitoka madukani kuja kusimama ndani yake, wamefumba macho. Matarumbeta hayakunyamaza, ingawa sauti yake ilijaa maji. Poda ilinitiririka shingoni na sikujali hata kidogo.

"Mzee, mgeni njoo, mwenyeji apone," dereva alimwambia baba. "Umetuletea mvua."

Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka mwaka ule. Alikinga viganja viwili, vikajaa, akanawa uso, na mimi huko nyuma nilifurahi kuliko nilivyofurahi kanisani.

Halafu akatoa simu. Akaifunika kwa koti, akaweka sauti kubwa kwa sababu ya matarumbeta, akampigia jirani yetu wa Mlali aliyebaki na mbuzi wetu.

"Mbukwa, jirani," alimsalimu kwa lugha ya kwetu. "Huko mnanyeshewa?"

"Huku jua, mzee. Jua lile lile. Hata wingu hatulioni."

"Hata upande wa mlimani?"

"Hata huko. Miche ya juu imeshalala."

Baba alimshukuru, akamuuliza hali ya mbuzi, akaaga. Dereva alijifanya anatazama barabara. Kwetu mvua huwa hivyo, hunyesha hapa ikaruka pale, na kila mtu analijua hilo. Baba pia alilijua. Nilishuka kutoka pale juu, gauni likinivuta kwa uzito wa maji, nikamgusa bega.

"Pole, baba."

Akageuka. Uso wote ulikuwa maji, sikuweza kujua yapi ni ya mvua.

"Usinipe pole siku ya harusi yako, mama. Mvua hii ni ya kwako. Rudi ukae juu, watu wanataka kukuona."

Nikarudi, lakini mkono wangu haukuinuka kuwapungia. Basi baba akainua wake, akawapungia watu wa upande wake wa barabara, kisha akanyoosha mkono mwingine akawapungia na wa upande wangu, hivyo hivyo mpaka ukumbini.